Usaha Umekata, Je, Umepima HIV?

Daktari, tunasikia huku Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, kwamba HIV imepungua. Ni kweli?

Maambukizi mapya yamepungua, ila msilale. Mwaka 2012 Madaktari Wasio na Mipaka walipopima watu nyumba kwa nyumba huko Ndhiwa, watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 Homa Bay, Kenya nzima ikiwa 4.9. Lakini hesabu hizo zinajumuisha kila anayeishi na virusi, hata aliyemeza dawa miaka ishirini. Ukitaka kujua virusi vinaelekea wapi leo, mtazame anayeingia kliniki na kisonono.

Kwa nini yeye?

Aliyempa kisonono angeweza kumpa na HIV usiku uleule. Isitoshe, kidonda cha ugonjwa wa zinaa ni mlango wazi kwa virusi. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1989 uliwafuatilia wanaume 293 waliotibiwa magonjwa ya zinaa, wote wakiwa hawana virusi walipoanza. Baadaye 24 wakaambukizwa, hasa wenye vidonda na wasiotahiriwa. Jaribio la Kisumu likathibitisha mwaka 2007 kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kutahiri bure, tena kwa Wajaluo, ambao mila yao haikuwa tohara bali kung'oa meno sita ya chini.

Nilikuwa natokwa na usaha, nikanunua vidonge duka la dawa, ukakata. Bado nije?

Njoo! Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Antibiotiki haigusi HIV. Tena kipimo cha leo hakioni maambukizi ya juzi, kwa hiyo utarudi baada ya miezi mitatu. Njoo na mwenzio pia, maana wanawake wengi hawaoni dalili yoyote ya kisonono. Na kama hazijapita saa 72 tangu ulale na mtu unayemshuku, usingoje usaha: kuna dawa za siku 28 za kuzuia virusi visishike.

Nikikutwa sina virusi?

Ulizia PrEP, dawa ya kujikinga na HIV kabla ya kukutana nayo, iliyoanza kutolewa Kenya 2017, na kondomu usiziache, kwani PrEP haizuii kisonono. Ukikutwa navyo, anza dawa mara moja. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzio kwa ngono. Kwa hiyo usikubali kutoka kliniki na sindano ya kisonono pekee. Daktari akisahau kukupima HIV, mkumbushe.