Vitabu Vitoke Kabatini: Maktaba ya Darasa kwa Wasomaji wa Viwango Mbalimbali

Katika ziara zetu za ufuatiliaji shuleni tumezoea kuonyeshwa kabati. Mwalimu mkuu huagiza ufunguo, ufunguo hutafutwa, na kabati likifunguliwa tunakuta vitabu vya hadithi vimepangwa vizuri, vingine bado vimo ndani ya nailoni. Tukiuliza kwa nini havisomwi, jibu huwa ni lile lile: "Vitapotea, nasi tutaulizwa."

Hatuwalaumu walimu. Sisi wenyewe wa ofisi ya dayosisi tulipokabidhi vitabu hivyo tuliwasainisha fomu ya mali, kisha tukarudi mwaka uliofuata kuvihesabu. Hatukuuliza ni mtoto gani amesoma nini. Walimu wakatunza kile walichoona tunakihesabu.

Somo hili limetokana na jitihada za kurekebisha jambo hilo katika shule chache za msingi tunazoshirikiana nazo. Tulikosea zaidi ya mara moja, na makosa yetu tunayaeleza ili wengine wasiyarudie.

Tuanze na watoto, si vitabu

Ukipewa vitabu mia moja, kishawishi cha kwanza ni kuvigawa kwa madarasa: hivi vya darasa la pili, hivi vya darasa la nne. Lakini jina la darasa halikuambii mtoto anaweza kusoma nini. Tathmini ya Uwezo, iliyofanyika Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2010, ilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwalimu yeyote wa darasa la nne anajua kwamba mbele yake wamekaa watoto wanaosoma gazeti pamoja na wengine ambao bado wanahangaika na ba, be, bi.

Kipimo cha Uwezo ni rahisi, na mwalimu anaweza kutengeneza cha kwake kwa mfano huo: karatasi moja yenye silabi chache, maneno mafupi, aya moja na hadithi fupi. Mtoto anasoma mpaka pale anapokwama, na hapo ndipo kiwango chake. Walimu walitulalamikia kwamba darasa lina watoto 80. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja nao. Ukichukua dakika tatu kwa kila mtoto, watoto wanane kwa siku, ni chini ya nusu saa, na katika siku kumi za masomo umewamaliza wote. Jambo moja la kuzingatia: mtoto asome akiwa peke yake na mwalimu, chini ya mti au kwenye kibaraza, si mbele ya wenzake.

Baada ya kusoma, muulize ni nani katika hadithi na alifanya nini. Katika maeneo yetu watoto wengi hukutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza shuleni. Wapo wanaotamka kila neno bila kosa na wasielewe hata moja. Huyo hahitaji silabi, bali kitabu chenye picha zinazoeleza maneno, na mtu wa kuzungumza naye kuhusu picha hizo.

Kupima ugumu wa kitabu cha Kiswahili

Miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya vitabu vya Kiingereza hushauri kuhesabu maneno katika ukurasa. Tulijaribu na tukakwama. "Baba ana kuku na bata" ni maneno matano, na anayejua silabi anayasoma. "Tutakapowatembelea" ni neno moja, lakini lina silabi tisa, na mtoto yule yule akifika katikati amekwisha kusahau mwanzo. Kwa hiyo tazama kwanza urefu wa maneno, hasa vitenzi. Pili, tazama herufi zinazokaa pamoja: mb, nd, nj, ny, mw, kw, ch, sh, th, dh, gh. Zile za ng na ng' zina usumbufu wa pekee. Mtoto aliyezoea ngoma hulisoma neno ng'ombe kwa namna ya kuchekesha kabisa. Idadi ya maneno kwenye ukurasa ije baadaye.

Kwa kufuata hayo walimu waligawa vitabu katika mafungu manne: picha na maneno machache, sentensi fupi zenye silabi nyepesi, aya, na hadithi ndefu. Kitabu kikileta ubishi, wape watoto wawili wakisome. Wao hukata shauri haraka kuliko semina.

Kosa letu kubwa

Tuliandika namba 1 hadi 4 kwenye maboksi kwa rangi nyekundu, tukaona tumepanga vizuri. Haikupita wiki moja, boksi namba 1 likaitwa na watoto "boksi la wajinga." Msichana mmoja wa darasa la nne, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliacha kulisogelea. Kila siku alichukua kitabu kinene kutoka boksi namba 4, akakifungua na kugeuza kurasa kwa mwendo wa wenzake. Mwalimu alimsifu kwa bidii. Alipomwita kumsikiliza ndipo alipogundua kwamba binti hakusoma hata sentensi moja.

Tuliziondoa namba. Sasa kila kitabu kina alama ndogo ndani ya jalada: swala, tausi, samaki au nyuki. (Kobe na konokono tuliwaacha kwa sababu ambayo kila mmoja anaielewa.) Vitabu vya mafungu yote huwekwa pamoja kwa mada, yaani wanyama, safari, familia, kilimo, na mtoto huambiwa kwa sauti ya chini alama ya kuanzia. Akitaka kujaribu kingine asizuiwe.

Lakini alama hazikutosha kwa yule binti. Vitabu rahisi vilikuwa na picha za watoto wachanga wakicheza na mpira, naye nyumbani ndiye anayepika na kuchunga. Mwalimu wake alimwomba aeleze jinsi anavyokamua mbuzi, akaandika maneno yake kwa sentensi nane kwenye karatasi nne, akazishona kwa uzi na kuweka jalada la boksi. Binti alichora picha. Kitabu hicho kiliazimwa mpaka kikachakaa, na wengine wakaja na habari zao. Hadi shule zilipofungwa alikuwa anasoma aya fupi. Bado hajafikia darasa lake, lakini hageuzi tena kurasa asizosoma.

Kwa shule zinazotafuta vitabu zaidi, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991 umesaidia kutoa vingi kwa Kiswahili. Pia African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014, ina hadithi fupi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, na ruhusa ya kuzichapa imetolewa.

Kuazima na kutunza

Rafu si lazima. Maboksi ya mafuta ya kula yaliyokatwa nusu, au kamba ukutani yenye vibanio vya nguo, vinatosha. Inua maboksi juu ya matofali na uyasogeze mbali na ukuta, maana mchwa hawabagui hadithi. Jalada likivishwa nailoni kitabu hudumu zaidi.

Weka daftari lenye jina, kitabu, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Wakutubi wawe watoto wawili kila wiki, na wachaguliwe hata wale wasiosoma vizuri. Kusoma majina ya vitabu kila siku ni zoezi tosha. Katika dakika ishirini za kusoma kila siku, mwalimu akae na kundi lililo nyuma zaidi. Tumeona mara nyingi likiachwa kwa mtoto hodari, ambaye kwa haraka yake husoma yeye na wenzake wakaitikia.

Wazazi waelezwe mapema katika kikao kwamba vitabu vitakuja nyumbani. Asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuweka alama kwenye daftari la mtoto.

Nasi tumebadili fomu yetu. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakihesabiwi kuwa hasara, na pameongezwa safu inayouliza kimeazimwa mara ngapi. Katika ziara iliyopita shule moja ilitukabidhi orodha ya vitabu sita vilivyopotea, na daftari la kuazima lililojaa pande zote. Tulisaini.

Kwa kikao cha walimu: Ni vitabu vingapi shuleni kwetu ambavyo havijawahi kutoka kabatini, na ufunguo unakaa kwa nani? Je, kuna mtoto darasani anayegeuza kurasa tu, na tutamtambuaje bila kumwaibisha? Ni habari gani za kijiji chetu zinazoweza kuandikwa kwa sentensi nane?