KUSOMA KATIKA VIKUNDI



Wengi wetu hapa Uganda tumejifunza Kiswahili shuleni, si nyumbani, kwa hiyo twaona haya kusoma kwa sauti. Lakini anyamazaye mwaka mzima hutoka darasani kama alivyoingia.

Dawa niijuayo ni kikundi cha watu sita. Chukueni "Kusadikika" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Humo mna wajumbe sita waliotumwa pande sita. Kila msomaji na ashike mjumbe wake. Mwalimu aeleze kwanza maneno magumu. Kisha msomaji asome kimya, asome kwa sauti, afunge kitabu, ajibu: Mjumbe alitumwa wapi? Alileta nini? Mbona alifungwa? Akikwama asichekwe, wala asijibiwe. Aulizwe tena polepole.

Awezaye kueleza ameelewa, na aliyeelewa hatetemeki.