SOMO: Kabla Kikundi Hakijanunua Memori ya Kompyuta



Tuseme kikundi cha wauza nyama hapa Kiamaiko kina kompyuta moja ya mezani, ya mtumba, ya kuwekea hesabu za michango na mikopo. Siku hizi inajikokota. Mmoja anasema, "Si tuongeze memori?" Mtu anatumwa Luthuli Avenue, anarudi na kipande kipya. Kumbe hakiingii! Duka halirudishi pesa, na jasho la wanachama limelala kabatini. Somo hili ni la kuzuia hasara kama hiyo.

Memori ni nini?
Memori, au RAM, ni kama meza ya kazi. Diski ni kama kabati. Meza ikiwa ndogo, unarudi kabatini kila mara na kazi inachelewa. Lakini kama kabati lenyewe ni bovu, meza kubwa haitasaidia. Basi fundi aangalie kwanza: je, memori hujaa wakati wa kazi? Isipojaa, msinunue.

Mambo matano ya kulinganisha

1. Kizazi. DDR3 ilitoka 2007, DDR4 ikafuata 2014, na DDR5 2020. Haziwezi kubadilishana. Pengo la ukingoni liko mahali tofauti, na umeme si sawa: DDR3 hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Kipande kikikataa kuingia, msikilazimishe, mtaharibu kompyuta yenyewe.

2. Umbo. Memori ya kompyuta ya mezani ina urefu wa sentimita 13 hivi. Ya laptopu ni karibu nusu yake. Lakini angalieni: kompyuta nyingine ndogo za mezani hutumia ile ya laptopu.

3. Memori ya seva. Wakati mwingine huuzwa bei rahisi, na huwa na herufi R mwishoni mwa namba, kama PC3-12800R. Kompyuta ya kawaida haiikubali. Rahisi hapa ni ghali.

4. Kiasi. Kila kompyuta ina kikomo chake, na kimeandikwa katika kitabu cha modeli hiyo. Tena, Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata mkiweka 8.

5. Kasi. Vipande viwili vya kasi tofauti vikikubaliana, vyote huenda kwa mwendo wa kile cha polepole. Afadhali viwili vinavyofanana.

Namna ya kufanya
Zimeni kompyuta na kung'oa waya wa umeme. Gusa chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme wa mwilini. Toa kipande cha zamani ukikishika kandokando, usiguse meno yake. Someni karatasi yake: PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Hesabuni nafasi zilizo wazi. Nendeni dukani na kipande hicho pamoja na jina na modeli ya kompyuta. Kabla ya kulipa, ombeni risiti yenye ahadi ya kubadilishiwa kisipofaa.

Maswali ya kujadiliana
1. Kompyuta yetu ni modeli gani, na ina memori kiasi gani?
2. Nani wawili watakwenda kununua, ili mmoja asibebe lawama peke yake?
3. Hesabu zetu zimenakiliwa mahali pengine kabla kasha halijafunguliwa?