Uongozi na Maadili Katika Kazi ya Zimamoto: Somo la Korongo la Mann



Katika somo hili tutazungumza juu ya uongozi kazini. Tumechagua kazi ya zimamoto kwa sababu katika kazi hiyo ubora au ubovu wa uongozi hauchukui miaka kujulikana. Kiwandani, msimamizi mbaya anaweza kufichwa na hesabu za mwisho wa mwaka. Ofisini, anaweza kuhamishwa akapewa cheo kikubwa zaidi. Lakini mbele ya moto hakuna pa kumficha, na wanaolipa gharama ya makosa ni wale walio chini yake.

Tutasoma habari ya kweli iliyotokea Marekani mwaka 1949. Tunawaomba wasomaji wasiseme kwamba habari hii ni ya mbali. Kila mwenye msimamizi, na kila aliye msimamizi, atajiona humo.

A. MAMBO YALIYOTOKEA

Katika jimbo la Montana, Idara ya Misitu ya Marekani ilikuwa na kikosi cha wazima moto wa miavuli. Hawa walikuwa vijana waliopelekwa kwa ndege, wakaruka karibu na moto uliowaka mahali pasipo na barabara, wakauzima kwa sururu, makoleo na misumeno kabla haujawa mkubwa.

Tarehe 5 Agosti 1949 vijana 15 waliruka katika korongo liitwalo Mann Gulch, karibu na Mto Missouri. Siku hiyo joto katika mji wa karibu, Helena, lilifika nyuzi 36. Walipotua walimkuta mtu mmoja wa Idara aliyekuwa akipambana na moto huo peke yake, nao wakawa 16. Nyapara wao aliitwa Wagner Dodge, mtu wa miaka 33, mzoefu na hodari wa kazi. Kijana mdogo kuliko wote, Robert Sallee, alikuwa na miaka 17.

Tangu mwanzo mambo yalikwenda kombo. Mwavuli uliobeba simu ya upepo haukufunguka, simu ikapondeka, wakawa hawana njia ya kuzungumza na mtu yeyote wa nje. Mizigo ilitawanyika, ikachukua muda kuikusanya. Kisha Dodge aliwaacha vijana chini ya msaidizi wake, naye akaenda kuutazama moto. Hakupendezwa na alichokiona. Akatoa amri wateremke kuelekea mtoni, ili moto uwe nyuma yao na maji yawe mbele.

Ilipokaribia saa 12 kasorobo jioni, Dodge akiwa amerudi mbele ya msafara, aliona jambo la kutisha. Moto ulikuwa umevuka mdomo wa korongo. Ulikuwa mbele yao, kati yao na mto, ukipanda mlima kwa kasi katika majani makavu. Akawageuza warudi juu. Dakika chache baadaye akawaambia watupe zana. Wengine walitupa, wengine waliendelea kuzishika, maana mzima moto amefundishwa kwamba chombo chake ndicho kazi yake. Mteremko ulikuwa mkali sana, na moto ulikimbia kuliko wao.

Hapo Dodge akafanya jambo ambalo vijana wale hawakuwa wamelifundishwa. Alisimama, akawasha kiberiti, akachoma majani yaliyo mbele yake. Moto wake mdogo ukapanda mlima na kuacha nyuma yake majivu. Akaingia katika majivu hayo, akawapungia mkono vijana wake, akawaita waingie pamoja naye. Hakuna hata mmoja aliyeingia. Walimpita wakikimbia. Sallee na mwenzake Walter Rumsey walisema baadaye kwamba hawakuelewa alikuwa akifanya nini.

Dodge alilala kifudifudi katika majivu, akajifunika uso kwa kitambaa alichokilowesha maji ya chupa yake. Moto mkubwa ukampita pande zote. Alipoinuka alikuwa mzima. Sallee na Rumsey walipata ufa katika jabali la juu, wakapenya, wakaokoka. Wengine 13 walikufa: 11 mlimani, na wawili siku ya pili yake kwa majeraha ya moto. Saa ya mkononi ya mmoja wao ilikutwa imesimama, mishale yake ikionyesha kuwa jua lilikuwa halijatua.

B. KWA NINI HAWAKUMFUATA?

Wahenga wetu husema dawa ya moto ni moto. Mkulima au mchungaji wa kwetu anayechoma mbuga kila kiangazi anajua kwamba palipokwisha kuungua hapaungui tena, na moto ukimzidi atakimbilia katika majivu. Dodge alifanya vivyo hivyo. Alichokosa ni kwamba watu wake hawakuijua methali hiyo.

Baraza la uchunguzi lililoundwa na Idara lilisema kwamba vijana wale wangaliokoka kama wangalimfuata nyapara wao. Sisi tunao usemi wa namna hiyo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini, ndugu, tusikubali kuishia hapo. Kila ajali inapotokea kazini, jambo rahisi kuliko yote ni kuwatupia lawama waliokufa, kwa kuwa hawawezi kujibu. Swali la mfanyakazi ni hili: kwa nini mtu anayetaka kuishi amkatae kiongozi anayejua njia ya kuishi?

Tukiangalia vizuri tutaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza, hawakujuana vya kutosha. Wakati vijana wakifanya mazoezi msimu ule, Dodge alikuwa amepangiwa kazi nyingine za kituoni. Hawakufundishwa pamoja wala hawakuzoea kufanya kazi pamoja kama kikosi kimoja. Waliwekwa chini yake siku ya moto. Imani kwa kiongozi haigawiwi pamoja na sare. Hujengwa siku za kawaida, katika kazi ndogondogo, hata watu wajue kwamba huyu akisema jambo hasemi ovyo.

Sababu ya pili, amri hazikuelezwa. Dodge alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwageuza warudi, akawaambia watupe zana, akawasha moto, bila wao kujua picha nzima aliyokuwa nayo kichwani. Kwa dakika zile za mwisho muda wa kueleza haukuwapo tena. Lakini saa moja kabla ya hapo ulikuwapo. Angaliweza kusema, "Moto huu siupendi. Nawateremsha mtoni kwa sababu hii. Mambo yakiharibika tutafanya hivi."

Sababu ya tatu, na hii ndiyo kubwa, mafunzo yalikuwa na pengo. Maarifa ya kuchoma majani ili kujiokoa yalijulikana na watu wa nyanda za Marekani tangu zamani, lakini hayakuwa katika mafunzo ya vijana wale. Pengo hilo halikuwa la Dodge peke yake, wala la marehemu. Lilikuwa la mwajiri aliyewatuma.

Hatusemi haya kumdharau Dodge. Moto ulipopita aliinuka, akawatafuta watu wake, kisha akateremka mtoni pamoja na Sallee kutafuta msaada. Mbele ya baraza alieleza alichofanya. Alifariki mwaka 1955 kwa ugonjwa. Tunasema haya kwa sababu kiongozi hodari naye anaweza kubaki peke yake katika majivu, akiwa na maarifa sahihi, huku watu wake wakifa.

C. WAJIBU, HESHIMA NA UADILIFU

Baada ya vifo hivyo na vingine vilivyofuata, Idara ya Misitu mwaka 1957 ilitoa amri kumi za kuzima moto. Zinamtaka kila mzima moto ajue hali ya hewa, ajue moto unafanya nini, aweke walinzi wa kuuchungulia, awe na njia za kutorokea zinazojulikana na wote. Zinamtaka kiongozi atoe maagizo yaliyo wazi na kuhakikisha yameeleweka. Tazameni neno hilo, "yameeleweka". Kusema tu hakutoshi.

Hata hivyo, amri ubaoni hazizimi moto. Tarehe 6 Julai 1994, katika Mlima Storm King jimboni Colorado, wazima moto 14 walikufa. Walikuwa wakikata kinga ya moto kwa kuteremka mlima, na moto uko chini yao. Watu wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo la upepo mkali, lakini onyo hilo halikuwafikia waliokuwa mlimani. Baadhi ya wafanyakazi walikuwa na wasiwasi na mpango ule, lakini kazi iliendelea. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika zile amri kumi, 8 hazikutimizwa. Ulilaumu pia ile tabia ya "tunaweza tu", yaani fahari ya kukubali kila kazi bila kuuliza.

Baada ya msiba huo, uongozi ulianza kufundishwa kwa makusudi, kama ufundi mwingine wowote. Mwaka 2007 vyombo vya Marekani vinavyoshirikiana kuzima moto wa misitu vilitoa kitabu cha uongozi kilichosimama juu ya maadili matatu. Tuyaeleze kwa maneno yetu.

1. Wajibu. Kiongozi aijue kazi yake kwa mikono, afanye maamuzi kwa wakati, na awafundishe wengine. Anayeficha ujuzi ili aonekane wa lazima amevunja wajibu.

2. Heshima. Kiongozi awajue watu wake, awape habari, na asikilize. Mzima moto mdogo kabisa aliyesimama pembeni huenda ndiye wa kwanza kuona moshi umegeuka. Akiogopa kufokewa, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaua wote. Heshima ya kweli hupanda na kushuka. Ile inayopanda tu ni woga.

3. Uadilifu. Kiongozi akubali kosa lake, asimbebeshe mdogo mzigo, na afanye yeye mwenyewe anayowaagiza wengine. Uadilifu ndio unaowafanya watu waamini neno lake siku ambayo hakuna nafasi ya maelezo.

D. HAKI YA KUKATAA HATARI

Jambo moja katika taratibu za leo za wazima moto hao lafaa kuangaliwa sana na wanachama wote. Kila mzima moto ana haki na wajibu wa kueleza hatari anayoiona, na anaweza kuikataa kazi iliyo ya hatari isiyo na kinga. Lakini kukataa huko kuna utaratibu. Anapaswa kueleza sababu zake wazi, na pale inapowezekana apendekeze njia nyingine iliyo salama. Msimamizi naye, akitaka kuwapa watu wengine kazi ile ile, hana budi kuwaambia kwamba imekwisha kukataliwa na kwa sababu gani.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno. Sote tunajua yanayotokea mahali pengi pa kazi: fundi mzoefu anakataa kuingia shimoni au kupanda jukwaa bovu, na baada ya nusu saa anaitwa kibarua mgeni, hana habari, anaingia. Kamba hukatikia pembamba. Utaratibu wa kumwambia wa pili sababu za wa kwanza hauhitaji fedha wala mashine. Unahitaji uaminifu tu, na tawi la chama linaloudai.

E. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwa ufupi, ndugu, tunajifunza kwamba utii wa siku ya hatari hununuliwa siku za amani. Msimamizi anayekula na watu wake, anayeeleza mpango wake asubuhi, anayeuliza "nani ameona jambo nisiloliona?", anaweka akiba. Siku moto ukifika, akiba hiyo ndiyo itakayowafanya watu waingie katika majivu anapowaita, ingawa macho yao yanawaambia wakimbie.

Na sisi viongozi wa matawi tusijitoe katika somo hili. Tukiitisha mgomo au mazungumzo bila kueleza, tukirudi kutoka mkutanoni na majibu mafupi, tusishangae siku tutakapowapungia wanachama mkono nao wakatupita mbio.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mahali pako pa kazi, ni hatari gani ambazo wazee wa kazi wanazijua lakini wageni hawafundishwi? Nani awafundishe, na lini?

2. Mara ya mwisho mfanyakazi wa chini alipotoa onyo, alijibiwaje? Jibu hilo liliwafunza nini waliokuwa wakisikiliza?

3. Ajali ikitokea na taarifa ikasema "marehemu hakufuata maagizo", tawi linapaswa kuuliza maswali gani?

4. Je, kazi iliyokataliwa na mmoja hupewa mwingine bila maelezo? Tufanye nini ili jambo hilo likome?