Kumi na Mbili kwa Tano: Kanuni na Asili ya Mdako

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, nilisahihisha daftari la binti wa darasa la nne aliyeandika kwamba 12 ÷ 5 = 3. Nikamwekea kosa kwa kalamu nyekundu, nikavuta daftari linalofuata. Madaftari yalikuwa zaidi ya sitini na bado nilikuwa sijaandika andalio la somo la kesho yake. Nani ana muda wa kuuliza?

Siku tatu baadaye nikagundua kwamba ile 3 haikutoka hewani. Ilitoka kwenye kishimo cha mdako, nyuma ya darasa, ambako binti yule alikuwa bingwa na mimi mwalimu wake sikuwa hata najua kanuni.

Makala haya ni ya mchezo huo: unachezwaje, umetoka wapi, na kwa nini sisi tunaosomea ualimu tuujue vizuri kabla hatujawafukuza watoto warudi darasani.

Unachezwaje

Jina lenyewe linajieleza. Mdako unatokana na kitenzi kudaka, yaani kukamata kitu kikiwa bado hewani. Vifaa ni vijiwe tu, na kila uwanja wa nyumba unavyo. Kwetu wavulana tulikuwa tunaupita tu, tukiuona mchezo wa dada zetu. Kwa hiyo nilichuchumaa pale nyuma ya darasa na umri wangu wa miaka ishirini na mbili, nikafundishwa na watoto wa miaka kumi. Hizi ndizo kanuni walizonipa:

1. Chimba kishimo kidogo, upana wa kiganja. Kama ni sakafu, chora duara kwa chaki au mkaa.

2. Weka ndani vijiwe mlivyokubaliana. Wao walipenda 12. Chagua kijiwe kingine kimoja, cha mviringo na chenye uzito kidogo. Hicho ndicho cha kurusha.

3. Rusha kijiwe juu. Kikiwa hewani, komba vijiwe kutoka shimoni kwa mkono uleule, kisha daka kilichorushwa kabla hakijagusa chini.

4. Rusha tena. Safari hii rudisha shimoni vilivyozidi, ubakize nje idadi ya hatua uliyopo. Hatua ya kwanza ni mojamoja: unabakiza kimoja. Kiweke pembeni, endelea mpaka shimo liishe.

5. Ukimaliza, vijiwe vyote vinarudi shimoni, unaingia mbilimbili, kisha tatutatu, na kuendelea.

6. Umekufa kama kijiwe kimekuponyoka, kama umeacha nje idadi isiyo sahihi, au kama umerusha hukugusa kitu. Mwenzako anachukua zamu. Zamu yako ikirudi, unaanzia hatua uliyofia.

Kwa maelezo unaonekana mchezo mwepesi. Ujaribu. Kijiwe kikirushwa sentimita 20 juu ya mkono, kinarudi baada ya kama sekunde 0.4. Ndani ya muda huo macho yashuke shimoni, vidole vikombe, mkono upande, udake. Mimi nilijiona mjanja nikawa narusha juu zaidi ili nipate muda. Waliosoma fizikia wanajua nilichokikuta: ili muda uwe mara mbili, yaani sekunde 0.8, lazima urushe mara nne, sentimita 80. Na kijiwe kilichokwenda juu hivyo hakirudi pale ulipokirushia. Kinakwenda kando, unakifuata kama kuku, watoto wanacheka. Mabingwa wanarusha chini na wanatumia vidole haraka.

Kuna hesabu nyingine wanayoifanya bila kuiita hesabu. Katika mojamoja yenye vijiwe 12, ukikomba kimoja kimoja kwa usahihi, unamaliza kwa mirusho 12, maana hakuna cha kurudisha. Ukikomba vingi kila mara, unahitaji mrusho mwingine wa kurudisha vilivyozidi, isipokuwa mwishoni kinapobaki kimoja peke yake. Hapo inakuwa mirusho 23. Kila mrusho ni nafasi ya kufa. Kwa hiyo mchezaji anapima: nikombe vingi kwa haraka halafu nirudishe, au nichague kimoja kwa makini? Binti yule alikuwa anachagua tofauti kulingana na vilivyobaki shimoni. Huo ni uamuzi wa hatari na faida, na hakuna aliyemfundisha.

Ugomvi wa baki

Sasa tuje kwenye ile 3.

Kwa nini 12? Kwa sababu 12 inagawanyika kwa 1, 2, 3, 4 na 6 bila kubakisha kitu. Hatua nne za kwanza zinakwenda safi: mirusho ya kutoa ni 12, kisha 6, kisha 4, kisha 3. Matata yanaanza kwenye tanotano. Unatoa tano, unatoa tano, shimoni vimebaki viwili. Sasa?

Nilikuta wasichana wanne wanagombana kuhusu hivyo viwili. Mmoja alisema vilivyobaki vinatolewa vyote kwa mrusho mmoja wa mwisho. Wa pili akasema la, tano ni tano, viwili havihesabiwi, hatua imeishia pale. Wa tatu alitaka kukopa: chukua vitatu kutoka vilivyokwisha kutoka, virudishe shimoni, upate tano kamili ya kukomba. Wa nne alitaka tu zamu yake ifike.

Binti wangu wa daftari ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nikamuuliza, “Kwa hiyo kumi na mbili kwa tano ni ngapi?”

“Tatu, mwalimu.”

“Umepataje?”

“Si tano, tano, halafu mbili? Mara tatu.”

Nilinyamaza kidogo. Alikuwa amejibu swali sahihi kabisa, ila halikuwa lile la ubaoni. Swali la ubaoni liliuliza mafungu kamili ya tano ni mangapi na kinabaki nini: 2, baki 2. Yeye alijibu ni mirusho mingapi inamaliza shimo. Tukiwa abiria 12 na gari linabeba watano, dereva ataenda safari ngapi? Tatu. Ukijibu mbili baki mbili, kuna watu wawili wamelala kituoni.

Yule aliyesema viwili havihesabiwi naye alikuwa sahihi kwa swali lake: ukiwa na mita 12 za kitambaa na sare moja inakula mita 5, unashona sare mbili. Na yule wa kukopa alikuwa ameona jambo ambalo wengi wetu tulilikariri bila kulielewa: kwamba 12 inapungukiwa 3 ili ifike 15. Watoto watatu, maana tatu za baki, na zote zina matumizi mtaani. Mimi nilikuwa nayo moja tu, ya kitabuni, na kalamu nyekundu.

Umetoka wapi

Watu wakiuliza asili ya mchezo huwa wanataka nchi moja na mwaka mmoja. Michezo ya vijiwe haikupi raha hiyo, lakini inakufundisha namna ya kutafuta.

Kurusha na kudaka vitu vidogo ni jambo la zamani sana. Wagiriki wa kale walitumia vifupa vya kifundo cha mguu wa kondoo au mbuzi, na mwandishi wao Pollux, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alieleza mchezo wa vitu vitano unaorusha juu na kuvidaka kwa mgongo wa mkono. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kuna sanamu ya udongo wa kuchoma ya wanawake wawili wamechuchumaa wakicheza vifupa hivyo, kazi ya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mchoraji Pieter Bruegel naye aliwaweka wasichana wanaocheza vifupa kwenye picha yake ya michezo ya watoto ya mwaka 1560. Na mliokesha na msimu wa pili wa Squid Game mwishoni mwa 2024 mliuona gonggi wa Korea: vijiwe vitano, unarusha kimoja, unaokota vingine.

Hapo ndipo mtu anakimbilia kusema, “Kumbe mdako ni wa Wagiriki!” au “Wakorea wametuiga!” Taratibu. Mkono wa binadamu ni mmoja duniani kote, na mawe yako kila mahali. Kurusha kijiwe na kukidaka ni wazo ambalo mtoto yeyote anaweza kulipata peke yake akiwa amekaa chini hana cha kufanya. Hata kupanda kutoka mojamoja kwenda mbilimbili ni njia rahisi ya kuufanya mchezo uwe mgumu, na gonggi nao unayo. Kufanana kwa mambo mepesi hakuthibitishi undugu.

Kinachopima undugu ni jambo la ajabu ajabu ambalo si lazima liwepo. Kwenye mdako jambo hilo ni shimo na ile kanuni ya kurudisha: unakomba vingi, kisha kwa mrusho wa pili unarudisha vilivyozidi. Kwenye gonggi hakuna shimo wala kurudisha. Lakini nenda Zimbabwe ukacheze nhodo, au Lesotho na Afrika Kusini ukacheze diketo: utakuta vijiwe ndani ya shimo au duara, kijiwe cha kurusha, kukomba na kurudisha. Ukitoka Tanzania hutahitaji kufundishwa upya. Huo ndio ukoo wa karibu wa mdako, na umeenea mashariki na kusini mwa Afrika bila chama wala kitabu, ukibebwa na watoto wanaofundishana. Afrika Kusini wameshauingiza diketo kwenye mashindano ya kitaifa ya michezo ya asili, wenye kanuni zilizoandikwa.

Tena angalieni jambo hili. Kwenye gonggi, vikiwa chini vinne na umefika hatua ya tatu, unaokota vitatu kwa pamoja na kimoja peke yake. Nne kwa tatu: moja, baki moja. Wakorea nao walikutana na baki, wakaitungia kanuni. Kila anayegawanya vitu kwa mikono yake atakutana nayo.

Nilichojaribu darasani

Nilipoelewa, nilifanya kosa lingine. Niliandika kanuni za mdako kwenye karatasi ya manila, nikabandika ukutani, nikagawa vijiwe 14 kwa kila kundi. Kanuni ya baki niliiandika mwenyewe: “Vilivyobaki vinatolewa mwisho.” Watoto wakafuata, wakamaliza, wakanitazama. Hakuna aliyebishana na hakuna aliyefikiri. Nilikuwa nimeua mchezo kwa kuwaondolea ugomvi.

Kesho yake niliufuta mstari ule. Nikasema kila kundi likubaliane baki inafanywaje, liandike kanuni yake kwa sentensi moja, kisha lijibu 14 kwa 4. Kelele zikawa nyingi mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Lakini majibu yalikuja yakiwa na sababu. Kundi la kwanza: mafungu 3, viwili vimebaki. La pili: mirusho 4. La tatu: tumekopa 2, yamekuwa mafungu 4 kamili. Hapo ndipo nikafundisha kwamba kitabu kikiandika 14 ÷ 4 tu, kinataka jibu la kundi la kwanza, 3 baki 2, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni waliyokubaliana waandishi wa vitabu. Safari hii mtoto anajua kwamba ni makubaliano, na anajua kwa nini jibu lake lilikuwa tofauti.

Simwambii mtu kwamba mdako utamaliza matatizo ya hisabati nchini. Kipindi ni dakika 40, watoto ni wengi, na upimaji wa darasa la nne unataka jibu moja. Siku zile mbili zilinila muda na nilichelewa azimio la kazi. Lakini wenzangu wa Elimu, tutakapopangiwa vituo vya mazoezi mwaka huu, tufanye mambo matatu yasiyohitaji hata shilingi.

Kwanza, wiki ya kwanza tukachuchumae uwanjani tujifunze mchezo mmoja wa watoto, tukubali kufa na kuchekwa. Pili, tusiandike kanuni zote sisi. Tuache moja wazi, ile inayoleta ubishi. Tatu, kabla ya kuweka kosa kwenye daftari, tuulize neno moja: umepataje?

Daftari la yule binti nililiomba tena. Wino mwekundu haufutiki, kwa hiyo niliandika pembeni: mirusho 3, mafungu 2, baki 2. Akasoma, akauliza kama sasa amepata au amekosa. Nikamwambia amepata swali lake, sasa afanye langu. Akalifanya pale pale, amesimama.