Saa Zako Ndizo Mtaji: Kijitabu cha Wafanyabiashara Wadogo wa Kaloleni

Kijitabu hiki ni cha mwenye kibanda, kinyozi, msusi, fundi wa cherehani, mama mboga na mpika chapati wa mtaa wa Kaloleni, pamoja na majirani zake wa Makongeni, Mbotela na Shauri Moyo. Ni cha mtu anayenunua mwenyewe, akapika mwenyewe, akauza mwenyewe, kisha usiku akapiga hesabu kwenye kitanda ambacho mtoto keshalala. Mtu huyu hana mfanyakazi wa matangazo. Mara nyingi hana hata mtu wa kumwachia meza aende msalani.

Mwaka 2016, Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) lilitoa utafiti mkubwa kuhusu biashara ndogo nchini. Zilikuwa takriban milioni 7.4, na nyingi hazikuwa na leseni. Katika miaka mitano iliyotangulia, zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa, na karibu nusu ya zilizofungwa hazikuwa zimemaliza hata mwaka mmoja. Sababu iliyotajwa sana ni upungufu wa pesa za kuendeshea biashara. Hilo ni kweli. Lakini pesa za kuendeshea biashara hutoka kwa mteja aliyekuja akakukuta, ukiwa na kitu alichokitaka. Wengi wetu tunahangaika kutafuta wateja wapya ilhali tulio nao wanatukosa kila siku. Akija asubuhi hujafika, akija jioni umemaliza, akipiga simu haishikwi. Hafanyi kelele. Anaenda kwa mwingine, na kesho hajisumbui kupitia kwako tena.

Mtaa unaouzia

Kaloleni ilijengwa na Baraza la Manispaa ya Nairobi miaka ya 1940, iwe mtaa wa familia wakati ambapo nyumba nyingi za Waafrika jijini zilikuwa vyumba vya wanaume wasio na wake zao. Nyumba zake ni za chini, zinatazamana kuzunguka viwanja vyenye miti, na katikati kuna ukumbi wa jamii. Baadaye vyumba vya mabati viliongezwa kando ya nyumba nyingi za mawe, na sasa penye jiko moja zamani pana majiko matatu au manne.

Kwa mfanyabiashara, mpangilio huo ni baraka. Watu wanaishi karibu karibu, wanatembea kwa miguu, na wanapita njia zilezile kwenda Barabara ya Jogoo na kurudi. Habari haina haja ya kulipiwa ili ifike. Ukumbi wa Kaloleni ulivuma sana miaka ya 1950 kwa mikutano ya siasa hata watu wakaufananisha na bunge, na waliofika kule hawakuitwa na redio. Walisikia kwa jirani. Hata leo, ukiuza maharagwe yaliyochacha mchana, uwanja mzima utakuwa na habari kabla ya magharibi. Ukiuza mazuri pia watasikia, ila itachukua siku nyingi zaidi. Ndiyo maana tunasema tangazo lako la kwanza ni mteja wa jana.

Mteja wako huja saa ngapi?

Wazee walisema biashara ni asubuhi, jioni mahesabu. Kwa muuza mandazi msemo huo ni sahihi kabisa: anayekwenda kazini hupita kati ya saa kumi na moja na nusu na saa mbili asubuhi, na baada ya hapo mandazi yaliyobaki ni ya watoto wako. Lakini kwa mama mboga wa Kaloleni, biashara ni jioni. Mteja wake anashuka matatu saa kumi na mbili akiwa amechoka. Anataka sukuma iliyokwisha kukatwa, nyanya mbili, kitunguu kimoja na dania kidogo, aende akapike. Kinyozi naye, na msusi pia, siku yao ni Jumamosi. Na uwanja wa City ukiwa na mechi, mwenye maji, njugu na mayai ya kuchemsha anajua kwamba saa moja kabla ya mpira na nusu saa baada yake zinazidi siku nzima ya kawaida.

Usikisie saa hizi. Kama unatumia namba ya Till ya Lipa na M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2013, kila malipo yana tarehe na saa yake. Keti siku moja na taarifa ya wiki mbili, chukua kalamu, na uweke mstari mmoja kwa kila malipo chini ya saa yalipoingia. Tumia daftari la kawaida la shule. Baada ya nusu saa utaona mistari imesongamana mahali na kukauka mahali. Wanaolipa kwa pesa taslimu uwaandike hivyohivyo kwa wiki moja. Karatasi hiyo ni utafiti wa soko ambao hakuna mtaalamu atakayekufanyia kwa usahihi zaidi, kwa sababu ni wa meza yako na mlango wako. Na kama pesa za biashara zinaingia kwenye namba yako ya kibinafsi, zikichanganyika na mchango wa harusi na karo iliyotumwa na shemeji, hutaweza kuisoma. Zitenganishe.

Halafu tazama mwezi wote. Kati ya tarehe 28 na tarehe 5 watu wana pesa, lakini mwenye nyumba naye anasubiri kodi. Kuanzia katikati ya mwezi mteja yuleyule aliyenunua nusu lita ya mafuta anataka ya shilingi 20. Huyo si mteja mdogo. Ni mteja wako aliye katika wiki ngumu, na mwenye duka anayemwambia kwamba hapimi ya 20 amemfukuza hadi mwezi ujao. Pima kidogo tarehe 15, weka vifurushi vikubwa tarehe 30. Januari, ambayo sote tunajua ilivyo ndefu, usijaze bidhaa za anasa.

Ukishajua saa zako, zilinde kwa nguvu zote. Safari, kufua, foleni, mikutano ya chama na kulala mchana vipangwe kwenye saa zilizokauka. Kulala ni kazi pia. Mama mboga aliyeamka saa tisa usiku kwenda sokoni na asipumzike adhuhuri, saa kumi na mbili jioni atakuwa anakata sukuma huku anasinzia, na atakosea chenji.

Safari ya Marikiti

Kinachomaliza saa za wafanyabiashara wengi wa mtaa huu ni kwenda kununua. Marikiti kwa mboga, Gikomba kwa mitumba na samaki, Burma kwa nyama. Hakuna hata moja iliyo mbali sana na Kaloleni, na kwa sababu hiyo tunajidanganya kwamba safari haina gharama.

Tuchukue mfano wa wanawake watatu wenye vibanda kwenye njia moja. Kila mmoja anakwenda Marikiti kila asubuhi, saa tatu kwenda, kupatana bei, kubeba na kurudi. Kwa siku sita, kila mmoja ametumia saa 18, na wote pamoja 54. Kila mmoja amenunua nyanya kidogo kwa bei ya anayenunua kidogo, na amelipa nauli au mkokoteni wake peke yake. Sasa wakikubaliana zamu, kila mmoja anakwenda mara mbili kwa wiki, ananunulia wote, na kila mmoja anabaki na saa 12 za kuuza, kupika au kupumzika. Kreti ya nyanya wanaigawana watatu, mkokoteni mmoja wanaulipa watatu.

Mpango huu huvunjika kwa sababu tatu, na ni afadhali kuzitaja mapema. Kwanza ni pesa: kila mtu atoe zake jioni iliyotangulia, si asubuhi, wala asikopeshwe na mwenye zamu. Pili ni ubora: anayenunua hujichagulia nyanya nzuri. Suluhisho ni kwamba aliyenunua agawanye mafungu matatu na achague wa mwisho. Tatu ni wivu wa wateja, yaani hofu kwamba mkiuza nyanya zilezile mtanyang'anyana. Tayari mnanunua kwa wafanyabiashara walewale wa Marikiti! Mteja anakufuata wewe kwa ulivyomsalimia, ulivyokata sukuma yake nyembamba anavyopenda, na kwa sababu alikukuta.

Kutangaza bila kupiga kelele

Andika bei. Ubao mdogo au kipande cha boksi kilichoandikwa kwa herufi kubwa, "Chapati 20, maharagwe 40", kinauza kuliko spika. Wapo watu wengi wenye shilingi 60 mfukoni ambao hawataki kuuliza bei halafu waondoke mikono mitupu mbele ya majirani. Bei iliyoandikwa inawaondolea aibu hiyo. Vivyo hivyo kwenye simu. Kuweka picha ya viatu na kusema bei utampa mtu faraghani ni kumpa mteja kazi ya ziada, na wengi hawaifanyi.

Status ya WhatsApp hudumu saa 24, lakini mtu huitazama kwa sekunde chache, kwa hiyo saa ya kuiweka ina maana. Chakula cha jioni kiwekwe saa tisa au saa kumi alasiri, mtu akiwa bado kazini anafikiria atakula nini. Nguo za Jumapili ziwekwe Ijumaa jioni. Piga picha mchana, mlangoni, ukuta ukiwa nyuma ya bidhaa na mwanga ukiiangaza kwa mbele, kitu kimoja kwa picha moja. Programu ya WhatsApp Business ni ya bure, na ina mahali pa kuandika saa zako za kufungua na kufunga, orodha ya bidhaa na bei zake, na jibu la kujituma lenyewe ukiwa una mikono ya unga. Ukiandika saa hizo, ziheshimu. Ukiandika kwamba unafungua saa moja na mteja akakuta kufuli saa moja na nusu, umemfundisha kutoamini chochote utakachoandika tena.

Jambo dogo ambalo limewapotezea mafundi wengi wateja: unapojiandikisha kwenye ramani ya Google au kuweka tangazo Facebook, usiandike "Kaloleni" peke yake. Ipo Kaloleni ya Kilifi, ipo ya Voi, na nyingine iko Arusha. Andika "Kaloleni, Nairobi, karibu na Barabara ya Jogoo", kisha alama ambayo mgeni ataiona kwa macho: ukumbi, kituo cha afya, geti la shule. Anayeleta sofa kushonwa kutoka Donholm hajui kibanda chako kama jirani anavyokijua.

Namba na picha za wateja

Mteja akikulipa kwa M-Pesa, amekupa pesa. Hajakupa ruhusa ya kumtumia matangazo kila Ijumaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka upate idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara, na akisema basi, iwe basi. Muulize tu anapolipa kama angependa kuarifiwa mzigo mpya ukifika. Anayekubali mwenyewe ndiye atakayenunua.

Wasusi na vinyozi wasome hapa mara mbili, kwa kuwa kazi yao huuzwa kwa picha. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kiasi hicho kingefunga saluni zote za mtaa wetu. Omba ruhusa kabla ya kupiga, ikiwezekana kwa ujumbe unaobaki kwenye simu. Picha za watoto zinahitaji ruhusa ya mzazi. Mara nyingi picha ya kisogo chenye misuko inatosha, nayo haionyeshi uso wa mtu.

Kukopesha

Huwezi kufanya biashara Kaloleni bila kukopesha, na anayekwambia ukatae kabisa hajawahi kuuza unga kwa jirani. Kopesha kwa kiwango unachoweza kupoteza bila kushindwa kununua mzigo wa kesho, uandike mbele ya mteja, na mkubaliane tarehe. Mkumbushe kabla ya tarehe hiyo, mkiwa wawili. Mwenye deni aliyeaibishwa hadharani hubadilisha njia ya kupita, nawe umepoteza deni na mteja pamoja.

Siku usipoweza kufika

Utaugua. Mtoto ataugua. Utaitwa matanga nyumbani. Zungumza sasa, ukiwa mzima, na jirani wa meza ambaye hamshindani moja kwa moja: mwenye mitumba amshikie mwenye mboga, naye ashikiwe. Mwachie bei zilizoandikwa, chenji iliyohesabiwa na namba ya Till, wala usimwachie simu yako na siri yake. Mlipane kiasi mlichokubaliana, hata kama ni ndugu. Na kama hakuna wa kukushikia, waambie wateja wako jioni ya siku iliyotangulia kwamba kesho hutakuwepo, na ni lini utarudi, wapange pa kununua bila kuja kukuta meza tupu.