Marejea kabla ya nyanya: mikunde ndani ya kitalu nyumba

Udongo wa kitalu nyumba huchoka upesi kuliko wa shamba la wazi. Nyanya, hoho na matango hufuatana humo mwaka mzima, mvua haiingii kuosha chumvi, na mkulima wa kilimo hai hana ruhusa ya kutia urea wala CAN majani yanapoanza kugeuka manjano. Wengi hukimbilia mbolea ya kuku, ambayo ikirudiwa kila msimu huacha chumvi nyingi kwenye tabaka la juu. Zao la mikunde likipandwa kati ya mazao mawili ya mboga, kisha likakatwa bichi na kuchanganywa na udongo, huongeza naitrojeni bila kuongeza chumvi hiyo. Hata hivyo, si kila mmea wa jamii ya mikunde unafaa kuingizwa humo, na mara nyingi kinachoamua uchaguzi si naitrojeni bali minyoo fundo.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Bakteria waitwao rizobia huingia kwenye mizizi ya mikunde na kuishi ndani ya vinundu. Mmea huwapa sukari, nao huugeuzia naitrojeni ya hewani kuwa chakula. Naitrojeni hiyo hubaki ndani ya mmea wenyewe. Kinachomfikia jirani wakati mmea ungali hai ni kidogo sana, kwa hiyo maharage yaliyochanganywa na nyanya hayailishi nyanya, ingawa imani hiyo imeenea. Yakivunwa makavu, sehemu kubwa ya naitrojeni huondoka na punje. Udongo hunufaika hasa pale mmea mzima, mashina na majani, unaporudishwa ardhini kabla ya kuzaa.

Minyoo fundo ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Huingia kwenye mizizi ya nyanya na kuivimbisha, na mmea hunyauka mchana hata kama maji yapo ya kutosha. Katika udongo wenye joto kama wa kitalu nyumba, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja, na jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa. Maharage ya kawaida hushambuliwa vibaya na minyoo hao, fiwi na aina nyingi za kunde vivyo hivyo. Mkulima anayepumzisha kitalu chake kwa miezi miwili ya maharage huenda akapata naitrojeni kiasi, lakini atakuwa amewafuga minyoo kwa vizazi viwili. Nyanya zinazofuata ndizo zitakazolipa.

Marejea haina kasoro hiyo. Ni mmea wa jenasi ya Crotalaria, wenye maua ya manjano, na wakulima wa kusini mwa Tanzania wanaufahamu tangu ulipoenezwa na watawa wa Peramiho mkoani Ruvuma. Magharibi mwa Kenya ndugu zake huliwa kama mboga ya mitoo. Minyoo fundo wakiingia kwenye mizizi yake hawazaliani vizuri, na idadi yao hupungua kadiri zao linavyokaa ardhini. Faida hiyo hupotea iwapo mnavu na mchicha vitaachwa viote katikati ya mistari, kwa sababu minyoo huhamia humo na kuendelea kuzaana. Palizi ya zao la mbolea huonekana kama kazi bure, lakini hapa ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Upupu usiowasha nao huwapunguza minyoo. Tatizo lake ni kutambaa, kwani hupanda kwenye nguzo na nyuzi zote za kitalu, na mahali pake pazuri zaidi ni nje.

Kalenda hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka sokoni. Kaskazini mwa Tanzania na katika sehemu kubwa ya Kenya, nyanya za kitalu nyumba huwa na nafasi nzuri wakati wa masika, bakajani chelewa inapoharibu zile za nje. Ili uchumaji uanze Aprili, miche inapaswa kupandikizwa mwanzoni mwa Februari, na marejea ikatwe katikati ya Januari. Hivyo mbegu zinaingia ardhini katikati ya Novemba. Siku 60 zinatosha.

Mbegu hupandwa kwa mistari iliyoachana sentimita 30, zikafukiwa sentimita moja au mbili tu. Zisiwe zimepakwa dawa ya viwandani: dawa ya kuvu huua rizobia, na haiendani na kilimo hai. Marejea hutumia kundi lile lile la rizobia linaloishi na kunde na mbaazi, ambalo lipo katika udongo mwingi wa Afrika Mashariki, na mara nyingi hakuna haja ya kununua bakteria. Pale udongo ulipoletwa kutoka kwingine na vinundu havionekani, ni salama zaidi kununua pakiti ya rizobia wa kundi la kunde kuliko kubeba ndoo ya udongo kutoka shambani, kwa kuwa ndoo hiyo inaweza kuja na minyoo. Mbolea ya kuku isitiwe kabla ya kupanda, maana mmea unaopata naitrojeni bila jasho hautengenezi vinundu vya kutosha. Udongo wenye asidi kali na upungufu wa fosforasi hufaidika na mbolea ya Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri penye asidi; kitalu kilichopokea samadi kwa miaka mingi kwa kawaida hakiihitaji. Mapazia ya pembeni yafunguliwe mchana, kwani joto la udongo likizidi sana vinundu hudhoofika.

Wiki ya nne baada ya kuota ni wakati wa kuchunguza mizizi. Mmea using'olewe kwa kuvutwa, kwa sababu vinundu hukatika na kubaki ardhini. Bonge la udongo lichimbuliwe pamoja na mizizi yake, lilowekwe kwenye ndoo ya maji, na udongo uachwe udondoke wenyewe. Kinundu cha rizobia kimeshikilia ubavuni mwa mzizi na hutoka kikisuguliwa kwa kidole. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, na halitoki bila kuukata. Kinundu kikipasuliwa kwa ukucha na ndani kikawa chekundu au cha waridi, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi.

Marejea hukatwa maua ya kwanza yanapochanua. Baada ya hapo mashina hukomaa na kuwa magumu kama kuni, na viumbe wanaoyaozesha huanza kunyang'anyana naitrojeni na mboga. Mimea hukatwa usawa wa ardhi kwa panga, ikakatwakatwa, ikaachwa inyauke siku moja, kisha huchanganywa na udongo kwa jembe kina cha sentimita 10 hadi 15 na kumwagiliwa kidogo kwa mabomba ya matone. Kupandikiza husubiri wiki mbili hadi tatu. Majani mabichi yanayooza hustawisha kuvu wa kinyausi, na miche iliyoharakishwa hukatika shingoni.

Kiasi kinachopatikana kikadiriwe kwa uaminifu. Marejea iliyostawi vizuri inaweza kurudisha kilo 100 hadi 150 za naitrojeni kwa hekta. Katika kitalu cha mita 8 kwa 30 hizo ni kilo 2.4 hadi 3.6, na msimu wa kwanza pengine nusu yake tu ndiyo hufikia mizizi ya mboga. Tani moja ya nyanya huhitaji kilo 2 hadi 3. Kwa mavuno ya tani 2, mboji bado inabaki kuwa chakula kikuu.

Tena naitrojeni ya marejea hutoka kwa wingi katika wiki za mwanzo, ilhali nyanya huwa na njaa kubwa zaidi matunda yanapofunga. Pengo hilo huzibwa na majani ya miti ya jamii ya mikunde iliyopandwa kuzunguka kitalu, kama vile gilirisidia au lukina, yakitandazwa shinani vichala vya kwanza vinapotokea. Kilo 100 za majani mabichi ya gilirisidia zina takriban kilo 0.8 ya naitrojeni. Kitu ambacho mikunde haiwezi kutengeneza ni potasiamu, na nyanya huihitaji kuliko hata naitrojeni. Hiyo itoke kwenye mboji yenye mabaki ya migomba, pamoja na majivu kidogo pale udongo ulipo na asidi.